Mkate wa Ndizi wa Mutshatsha na Mtihani wa Karanga

*Ndizi iliyopita kuiva ni hasara ya mchuuzi na neema ya mwokaji. Lakini mkate unaotokana nayo hupata usalama wake au hatari yake mapema zaidi, siku karanga zinazotiwa humo zinapong'olewa shambani na kuanikwa juani.*

Katika soko la Mutshatsha, mji mdogo wa reli ulio magharibi ya Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye njia iendayo Dilolo na mpaka wa Angola, alasiri ndiyo saa ya hesabu ngumu kwa mwenye kuuza ndizi. Kwa kuwa chane iliyoamkia manjano asubuhi, ikapigwa na jua, ikabonyezwa na vidole vya wanunuzi waliopita bila kununua, imekwisha kuingia madoa meusi, na bei yake, ambayo asubuhi ilitetewa kwa maneno mengi, sasa haina mtetezi.

"Mama, punguza basi, hizi zimekwisha kuharibika," husema mnunuzi. "Hazijaharibika, yaya, zimeiva," hujibu muuzaji. Wote wawili hucheka, maana kila mmoja anajua mwenzake anavuta upande wake. Lakini kwa mizani ya elimu ya mapishi mwenye haki ni muuzaji.

Ndizi mbichi hubeba wanga kiasi cha sehemu moja katika tano za nyama yake, na kadiri inavyoiva wanga huo hugeuka sukari, hata ganda linapokuwa jeusi pande zote wanga uliosalia ni haba kabisa. Ndiyo maana tunda ambalo haliwezi tena kupangwa mbele ya mgeni ndilo lenye utamu mwingi kuliko yote, na ndiyo maana mwenye kuoka mkate wa ndizi hulichagua lile lile ambalo wengine wamelikataa.

Mama mwenye mkono wa kuoka, awe Mutshatsha, Kolwezi au Lubumbashi, huziponda ndizi hizo akazichanganya na unga, mayai, sukari na karanga zilizokaangwa, ukatoka mkate mzito wa rangi ya kahawia ambao hukatwa vipande, ukaliwa kwa chai asubuhi, au ukauzwa kipande kipande kwa wapita njia.

Biashara yenyewe ni ndogo, lakini maswali inayoyazaa si madogo. Je, mkate huu ni riziki ya kutegemewa na nyumba zisizopata mshahara wa migodi, au ni anasa ya kuiga, iliyofungwa kwa unga wa ghaibu na makaa ya msitu unaokwisha? Na je, uwekevu uletao sifa katika ndizi unaweza kutumika vile vile katika karanga?

## Mji wa reli, unga wa mbali

Mutshatsha ni makao ya wilaya yenye jina hilo hilo katika jimbo la Lualaba, jimbo lililozaliwa mwaka 2015 Katanga ya zamani ilipogawanywa. Na ijapokuwa nchi hii ya Walunda, Wandembu na Wachokwe ilikuwa na njia zake za biashara kabla ya mzungu yeyote kuikanyaga, ni reli iliyoupa mji huu mahali pake katika ramani ya dunia.

Mwaka 1902 Robert Williams, mtu wa Uskochi, alipata idhini ya Wareno kujenga reli kutoka pwani ya Atlantiki, na mwaka 1931 reli hiyo ya Benguela iliungana na migodi ya Katanga kwa njia ya Dilolo. Mwaka 1975 vita vya Angola vilikata safari zake, na mwezi wa Machi 1977 Mutshatsha yenyewe ikatekwa na waasi wa Kikatanga wa FNLC waliovuka kutoka Angola, hata ikarudishwa mwezi uliofuata na majeshi ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, yaliyosaidiwa na askari wa Morocco.

Siku hizi njia hiyo hutajwa kwa jina la Ushoroba wa Lobito. Tangu mwaka 2024 kampuni ya Lobito Atlantic Railway imeshika uendeshaji wa upande wa Angola. Shaba huteremka kuelekea baharini, na salfa ya kusafishia madini hupanda kuja bara. Upande wa mashariki wa wilaya, kiasi cha kilomita 25 kutoka Kolwezi, mgodi wa Kamoa-Kakula ulianza kutoa shaba mwezi wa Mei 2021.

Katika nchi hii yenye utajiri uliozikwa ardhini, unga wa ngano ni mgeni. Chakula cha kila siku ni bukari ya mahindi au ya muhogo. Ngano haipatikani mashambani mwake, na unga wake hufika kwa safari ndefu, ama kutoka viwanda vilivyo karibu na bandari, ama kwa malori yavukayo mpaka wa Kasumbalesa, kila hatua ikiongeza ushuru, mafuta na faida ya mwenye ghala.

Februari 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipowaka, nchi mbili hizo zilikuwa zikitoa pamoja zaidi ya robo ya ngano yote iuzwayo baina ya mataifa. Bei ilipanda katika masoko ya Chicago na Paris kabla ya wengi katika Lualaba kusikia majina ya miji iliyokuwa ikipigwa mabomu, na mzigo wa mwisho wa upandaji huo uliangukia mtu anunuaye mkate wa asubuhi.

> Upandaji wa bei uliozaliwa katika masoko ya Chicago na Paris uliishia mfukoni mwa mnunuzi wa mkate wa asubuhi.

## Nasaba ya mkate

Wako wasemao kwamba mkate wa ndizi ni mambo ya kizungu, na kwamba mtu wa Lualaba mwenye akili zake angekula ndizi yake ikiwa tunda na karanga yake ikiwa kitoweo. Hoja hii ina sauti kubwa kuliko uzito wake. Kwa kuwa tukianza kuuliza nasaba, hakuna kiungo hata kimoja katika mchanganyiko huo kitakachoitwa mwenyeji.

Migomba ilitoka kusini mashariki ya Asia ikafika Afrika zamani sana. Karanga ni mzaliwa wa Amerika ya Kusini, ndugu wa safari moja na mahindi na muhogo, mazao ambayo leo hakuna anayethubutu kuyaita ya kigeni mbele ya sahani ya bukari. Miwa ilianzia visiwa vya mashariki ya mbali, na ngano ikaanzia Mashariki ya Kati.

Mkate wenyewe, katika sura yake ya sasa, uliingia katika vitabu vya mapishi vya Marekani miaka ya 1930, na sababu zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929, ambayo iliwafundisha wenye nyumba kutotupa tunda lililopita wakati wake. Ya pili ni kuenea kwa magadi soda na unga wa kuumulia katika maduka, vitu vilivyowaondolea waokaji kazi ya kungojea hamira.

Unga huo wa kuumulia nao una kisa chake cha unyumba: mwaka 1843 mkemia Alfred Bird wa Birmingham, Uingereza, aliutengeneza kwa ajili ya mkewe, ambaye siha yake haikupatana na hamira. Na mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani katika nchi nyingi, mkate wa ndizi ulirudi kwa kishindo katika majiko ya walimwengu.

Namna ya kuuoka pasipo tanuri la chuma nayo si ngeni kwa Waswahili. Pwani, wapishi wamezoea tangu hapo mkate wa kumimina, uivao kwa moto wa chini na wa juu, makaa yakipaliwa juu ya kifuniko. Na mpishi wa Mutshatsha, mwenye jiko lake la makaa liitwalo mbabula, hafanyi jambo lililo kinyume cha hilo.

## Unavyookwa

Kipimo cha mkate mmoja wa wastani ni ndizi kubwa tatu zilizoiva hata zikalegea, unga gramu 250, sukari gramu 100, mayai mawili, mafuta theluthi ya glasi, magadi soda kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na karanga gramu 100. Anayefuga nyuki katika mizinga ya magome huko vijijini aweza kuweka asali mahali pa nusu ya sukari, mradi apunguze majimaji mengine, maana asali ina maji yake na huunguza ganda la mkate upesi.

Karanga hukaangwa kwanza juu ya moto mdogo, pasipo mafuta, zikigeuzwa bila kupumzika mpaka ngozi ianze kuachana na kokwa. Kisha hupepetwa kwenye ungo, na kutwangwa kidogo tu, ili kila moja ipasuke vipande viwili au vitatu. Mwenye haraka huzitwanga zikawa unga, na hapo hukosea, kwa sababu unga wa karanga huachia mafuta na kunywa unyevu, mkate ukatoka mzito na mkavu kwa pamoja.

Ndizi hupondwa kwa uma ndani ya bakuli, zikaongezwa mayai, mafuta na sukari. Unga uliochanganywa na magadi na chumvi huingia baadaye, na tangu hapo mkono wa mpishi sharti uwe mwepesi: akoroge mpaka unga mkavu usionekane, aache. Ngano ikisukwa sukwa hushika unato, na unato huo, ambao ndio roho ya mkate wa hamira, huku hugeuka kuwa ugumu.

Kazi ya kuumua hufanywa na magadi. Ndizi iliyoiva ina uchachu kidogo, nao ukikutana na magadi huzaa hewa, na hewa hiyo hunyanyua rojo wakati joto linapoanza kulikausha. Kwa hiyo mwenye kuchanganya na kuondoka kwenda kuzungumza na jirani hurudi akakuta hewa imekwisha kutoroka. Wengi huongeza tone la ndimu au mtindi ili kazi ikamilike, na wajuzi hawazidishi magadi, maana yakizidi mkate hupata ladha ya sabuni.

Sufuria nene hutandikwa mchanga mkavu, mawe matatu madogo huwekwa juu yake, na bati lenye rojo hukalishwa juu ya mawe. Kifuniko hufungwa, makaa hugawanywa, machache chini na mengi juu. Baada ya muda wa kama saa moja mpishi huchoma katikati kwa njiti safi. Njiti ikitoka kavu, mkate umeiva, na sharti uachwe upoe kabla ya kukatwa.

> Mwenye kuchanganya na kuondoka kwenda kuzungumza na jirani hurudi akakuta hewa imekwisha kutoroka.

## Waokaji wa tanuri kubwa na waokaji wa uani

Wenye matanuri makubwa ya mjini, waokao mkate mrefu uliozoeleka tangu zama za Wabelgiji, wana hoja zao, wala si za kudharauliwa. Husema kwamba mkate wao una uzito unaojulikana na bei inayojulikana. Kwamba wao hulipa kodi, hukaguliwa, na hubeba gharama ya wafanyakazi. Ilhali mwokaji wa uani hakaguliwi na yeyote, hulipa anapopenda, na hupima kwa macho. Huongeza kwamba tanuri moja lililokwisha kupata moto huoka mamia ya mikate, kwa hiyo kuni zitumikazo kwa kila mkate ni chache mno.

Upande wa pili husimama wanawake waokao nyumbani, ambao hoja yao ya kwanza ni mtaji: kuanza kwao hakuhitaji jengo, mashine wala umeme, ila sufuria, bati na ndizi ambazo soko limezishusha bei. Hoja yao ya pili ni kwamba mkate mrefu wa hamira hukauka kesho yake, ilhali mkate wa ndizi, kwa unyevu wake na mafuta yake, hukaa siku mbili tatu ukiwa laini. Ya tatu ni kwamba kipande chake, chenye yai na karanga, humshibisha mtoto aendaye shule kuliko kipande cha mkate mweupe.

Kuna na upande wa tatu, nao ni wa wale wanaotaka unga wa ngano upunguzwe kwa kuchanganywa na muhogo. Fikira hii ina umri: Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, na Nigeria iliagiza mwaka 2005 kwamba unga wa mikate utiwe sehemu kumi katika mia za muhogo, agizo ambalo waokaji wengi walilipinga au kulipuuza.

Upinzani huo una sababu ya kimaumbile. Mkate mrefu husimama kwa ule unato wa ngano ushikao hewa ya hamira, na muhogo hauna unato huo. Ukizidishwa, mkate hulala. Lakini mkate wa ndizi haukusimama kwa unato, umesimama kwa magadi na mayai. Kwa hiyo unaweza kupokea muhogo mwingi zaidi, hata kukaribia nusu ya unga wote, na mlaji asiseme neno. Mlango ambao waokaji wa mkate mrefu wameufunga kwa haki, waokaji wa uani wanaweza kuufungua pasipo agizo la serikali.

Sharti lake ni moja. Unga wa bukari utokanao na muhogo uliovundikwa majini una harufu kali isiyopatana na ndizi. Unga wa kuokea hupatikana kwa muhogo mtamu uliomenywa, ukakwaruzwa, ukakamuliwa na kukaushwa siku hiyo hiyo. Muhogo mchungu usipitishwe njia hiyo ya mkato, kwa kuwa sumu yake huhitaji kuondolewa kwa kuvundikwa, na Kongo inajua vema, kwa maradhi ya konzo yanayopoozesha miguu ya watu, malipo ya haraka katika jambo hilo.

## Moto, msitu na nyaya zipitazo juu

Hoja ya makaa ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa na wenye matanuri. Katika matanuri ya udongo wanayotumia wachomaji, kilo moja ya makaa hula kilo tano hata kumi za kuni, na miti yenyewe ni ile ya msitu wa miombo, ambao pembezoni mwa miji ya migodi umezidi kusogea mbali mwaka hata mwaka. Mkate mmoja uliokalia mbabula kwa saa nzima, peke yake, ni matumizi ya kifahari kuliko mwokaji wake anavyodhani.

Ajabu ni kwamba jimbo hili halikunyimwa umeme. Bwawa la Nzilo, juu ya mto Lualaba karibu na Kolwezi, lilianza kazi mwaka 1952 likiwa na uwezo wa megawati 108. Nseke likafuata katika muongo huo huo likiwa na megawati 248. Na mapema katika miaka ya 1980 ulikamilika mstari mrefu, wa kilomita 1,700 na zaidi, uletao umeme wa bwawa la Inga kutoka upande wa bahari mpaka Kolwezi. Yote hayo yalijengwa kwa ajili ya shaba. Katika Kongo nzima ni kama mtu mmoja tu kati ya watano aliyefikiwa na umeme, na nyaya zipitazo juu ya vijiji aghalabu hazishuki.

Maadamu hali ni hiyo, dawa iliyo karibu si kukataza kuoka, bali kuoka kwa pamoja. Udongo wa vichuguu vikubwa vya mchwa, vilivyotapakaa katika Lualaba yote, huvumilia moto mkali. Wafua shaba wa kale wa Katanga, waliopewa jina la walaji shaba, waliutumia kujengea matanuri yao ya kuyeyushia madini yaliyotoka yakiwa misalaba ya shaba. Tanuri la udongo huo, likijengwa na akina mama watano au sita wa mtaa mmoja na kuwashwa kwa zamu, huoka mikate kumi na zaidi kwa moto mmoja, na hapo hoja ya wenye matanuri makubwa hupungua nguvu.

> Nyaya zipitazo juu ya vijiji aghalabu hazishuki.

## Sumu isiyoungua

Lakini katika majadiliano yote hayo, ya unga, ya kodi na ya makaa, pande zote hupita upesi juu ya kiungo kimoja kidogo. Karanga ndiyo inayohitaji kuchunguzwa kuliko vyote.

Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Kuvu huyo hutoa sumu ambayo wataalamu wa Tanzania huiita sumukuvu. Tangu hapo imethibitika kwamba sumu hiyo huleta saratani ya ini, hasa kwa mtu aliye na homa ya ini ya aina ya B, na ikizidi kwa mara moja huua: mwaka 2004, mashariki ya Kenya, mahindi yaliyoingia sumu hiyo yaliwafanya watu 317 waugue, wakafa 125, na mwaka 2016 msiba kama huo uliingia mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania.

Mpishi aweza kudhani kwamba moto utamaliza kila dhara. Haumalizi. Sumukuvu hustahimili joto la zaidi ya nyuzi 200, ilhali ndani ya mkate, hata tanuri likiwa kali namna gani, joto halizidi sana nyuzi 100 kwa sababu ya maji yaliyomo. Kukaanga hupunguza sehemu ya sumu, lakini karanga iliyoingia jikoni ikiwa mbaya hutoka ndani ya kipande ikiwa mbaya, na sukari na ndizi huficha ule uchungu ambao ungemwonya mlaji.

Majira yenyewe ya Lualaba huongeza hatari. Karanga hupandwa mvua zinapoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, na hung'olewa Machi na Aprili, wakati mvua hazijaisha. Hivyo mavuno hutoka ardhini yakiwa na maji mengi na kukutana na mawingu. Ili kuvu asipate makao, unyevu wa karanga sharti ushuke chini ya sehemu nane katika mia, na upesi. Zao lililorundikwa nyumbani likiwa bichi, kwa kuogopa mvua au mwizi, hujitengenezea joto lake lenyewe.

Fauka ya hayo kuna desturi ya kunyunyizia maji karanga zilizokwisha kukauka ili maganda yalegee na kubangua kuwe rahisi. Vidole vya mbanguaji hupata nafuu, na kazi yote ya jua hubatilika.

Na hapa ndipo uwekevu unapoonyesha uso wake wa pili. Sumu haienei sawa katika gunia. Hujikusanya katika kokwa chache zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi au kuota ukungu, kiasi kwamba mkono mwangalifu, ukizichambua hizo, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Lakini kokwa zilizotengwa huenda wapi? Katika nyumba yenye dhiki hazitupwi: hutwangwa zikawa unga wa kitoweo, au hukamuliwa mafuta, au huuzwa kwa bei ndogo kwa mtu ambaye, kwa kuwa zimekwisha kusagwa, hawezi kujua zilivyokuwa.

Mtu yule yule aliyefundishwa, kwa haki kabisa, kwamba ndizi nyeusi si ya kutupwa, huona ni dhambi kutupa karanga yenye ukungu. Hukumu mbili hizi zinafanana kwa nje, na tofauti yake ni kubwa: weusi wa ndizi ni mwisho wa kuiva kwake, na weusi wa karanga ni kazi ya kiumbe mwingine aliyekwisha kuingia na kuacha sumu yake.

> Weusi wa ndizi ni mwisho wa kuiva kwake. Weusi wa karanga ni kazi ya kiumbe mwingine.

## Kilicho hatarini, na la kufanya

Kwa nyumba moja, kilicho hatarini ni maini ya watoto, ambao hula vipande vidogo lakini hula kila siku. Kwa wilaya nzima ni tijara. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kipimo cha Jumuiya hiyo hakiruhusu zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kilo moja ya karanga. Mkulima wa Mutshatsha atakayetaka kuuza nje atapimwa kwa kipimo hicho, na anayeuza ndani tu hana sababu ya kulisha jirani yake kile ambacho mgeni angekikataa.

Dawa za jambo hili hazihitaji mashine. Ya kwanza ni turubai au jamvi la kuanikia, lililoinuliwa kidogo juu ya ardhi, la kukunjwa mvua inaponyesha. Nchini Malawi wakulima wamefundishwa pia kupanga mashina ya karanga katika mafungu ya duara, mizizi na maganda yakielekea ndani, ili hewa ipite na mvua isiyafikie.

Ya pili ni mahali pa kuanikia: si kando ya barabara ya malori ya madini. Uchunguzi wa wataalamu wa Lubumbashi na Leuven uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ulikuta kobalti nyingi katika damu na mikojo ya wakazi waliozungukwa na uchimbaji, na zaidi katika watoto, na vumbi likiwa miongoni mwa njia zake. Chakula hakina haja ya vumbi hilo.

Ya tatu, ambayo ndiyo ngumu, ni bei. Mkulima hatachambua wala hatatupa kitu maadamu gunia lililochambuliwa na lisilochambuliwa hulipwa sawa. Wenye kuoka, wa tanuri kubwa na wa uani, ambao wamezoea kutupiana lawama, katika jambo hili wana maslahi mamoja: wakikubaliana kununua karanga zilizochambuliwa kwa bei iliyo juu kidogo, na wakakubali kulipa kitu kwa zile mbovu ili zifukiwe mbele ya macho ya wote, watakuwa wameondoa sababu ya kuzificha ndani ya unga. Gharama hiyo, ikigawanywa kwa vipande vya mkate, haitamfilisi mtu.

Wakaguzi wa jimbo, badala ya kuanza na kodi ya mwanamke mwenye sufuria moja, wangeanza na kipimo cha sumukuvu sokoni mwezi wa Aprili, karanga mpya zinapoingia. Na mnunuzi ana sehemu yake: kabla ya kuuliza bei ya kipande, aulize karanga zilivunwa lini, zilianikwa wapi, na nani alizichambua. Muuzaji mwenye majibu ya maswali matatu hayo anastahili kuongezewa faranga, na asiye nayo asipunguziwe tu, bali aachiwe mkate wake.